Safari ndefu inawagharimu nini ndege wa kaskazi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara, pwani ya Mtwara na Lindi

Majibu haya ni kwa wavuvi, wachokoaji pweza, wazalishaji chumvi, walimu, waongoza watalii na yeyote anayeishi kando ya maji kuanzia Msimbati hadi Kilwa. Maswali ni yale ambayo watu wa pwani huuliza wanapoona makundi ya ndege yakitua mchangani kila mwaka, na ambayo wageni huuliza wakishangaa kiumbe mwepesi kuliko yai la kuku ametoka Siberia.

Ni ndege gani hasa wanaotufikia kutoka mbali?

Wengi ni ndege wa ufukweni: vitwitwi wa aina nyingi, sululu wenye midomo mirefu iliyopinda, na wengine wanaokimbia kando ya mawimbi bila kutulia. Kwenye majibu haya tutamtumia sana mmoja kama kipimo, kitwitwi mwenye mdomo mweusi uliopinda chini kidogo, Calidris ferruginea. Tutamwita kitwitwi wa Siberia. Huzaliana kwenye nyanda za barafu za kaskazini ya mbali, hasa rasi ya Taimyr nchini Urusi, na kutoka huko hadi Mtwara ni takriban kilomita 10,000 kwa mstari ulionyooka. Hiyo ni safari ya mwili wa gramu 55 hivi, usipohesabu mafuta.

Yuko pia mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Ghuba ya Mnazi ni moja ya sehemu anazoonekana kwa wingi Tanzania. Yeye hutaga kwenye mashimo anayochimba mchangani huko Uarabuni na visiwa vya jirani, yai moja tu, kisha huja kwetu na kinda wake. Ukiona mla kaa wa kijivujivu akimfuata mwenzake akilialia ili apewe kaa, huyo ni mtoto aliyevuka bahari na bado analishwa.

Nchi kavu wapo mbayuwayu wa Ulaya, keremkerem na kozi wa Amur.

Ni kweli wengi hufa njiani?

Ndiyo, ila namba zinahitaji kusomwa vizuri.

Mwaka 2002 watafiti Sillett na Holmes walichapisha matokeo ya kumfuatilia ndege mdogo anayezaliana New Hampshire, Marekani, na kukaa Jamaika wakati wa baridi. Walikuta zaidi ya asilimia 85 ya vifo vyake vya mwaka hutokea wakati wa safari. Hatari ya kufa akiwa njiani ilikuwa angalau mara 15 ya hatari akiwa ametulia upande wowote.

Mwaka 2014 ukatoka utafiti wa ndege wawindaji wa Ulaya wanaokuja Afrika, waliofungwa vifaa vya setilaiti, wakiwemo tai mla samaki wa kaskazini na jamii ya vipanga wa mabwawani. Kwao hatari ya safarini ilikuwa takriban mara sita ya wakati wa kutulia, na zaidi ya nusu ya vifo vya mwaka vilitokea safarini. Vifo vya safari ya kurudi kaskazini vilihusiana zaidi na kuvuka jangwa la Sahara.

Tofauti ya mara 15 na mara sita inaeleweka. Ndege mkubwa huelea juu ya hewa ya moto inayopanda na hutumia nguvu kidogo. Ndege mdogo hupiga mabawa mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuna asilimia moja ya vifo inayowahusu ndege wote wahamao. Kila aina ina hesabu yake.

Wanakufa na nini? Wanaanguka tu kwa uchovu?

Kuanguka tu kwa uchovu ni sehemu ndogo ya picha. Mara nyingi sababu mbili au tatu hufuatana. Ndege huondoka na mafuta pungufu, akakutana na upepo wa mbele, akalazimika kutua mahali asipopajua, na hapo akaliwa au akakosa chakula. Aliyemuua huonekana ni mwewe wa mahali pale, lakini deni lilianza alikotoka.

Wawindaji wengine wamepanga maisha yao kufuatana na msafara huu. Kozi wa Eleonora huzaa kwa kuchelewa kwenye visiwa vya Mediterania ili makinda wake waanguliwe wakati ndege wadogo wanapopita kwa maelfu kwenda Afrika. Akimaliza kulea, naye hushuka hadi Madagaska.

Binadamu ana fungu lake kubwa. Makadirio ya shirika la BirdLife International ni kwamba ndege kati ya milioni 11 na milioni 36 huuawa au kukamatwa kinyume cha sheria kila mwaka kuzunguka Mediterania pekee. Halafu kuna taa kali usiku wa mawingu. Ndege wanaosafiri usiku huvutwa na mwanga, wakauzunguka hadi wakachoka au wakagonga nguzo na nyaya.

Kitwitwi anahitaji mafuta kiasi gani ili aondoke salama?

Tumchukue kitwitwi wa Siberia mwenye gramu 55 za mwili na gramu 30 za mafuta mwishoni mwa Aprili. Gramu moja ya mafuta hutoa kilojuli 39 hivi, kwa hiyo gramu 30 ni kilojuli 1,170. Ndege wa ukubwa huo akiruka mfululizo hutumia kadiri ya kilojuli 25 hadi 30 kwa saa. Gawanya: ana saa 39 hadi 47 za kukaa hewani. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, atafika kilomita 2,300 hadi 2,800. Huo ndio umbali wa kutoka Mtwara hadi Djibouti.

Sasa mwekee upepo wa mbele wa kilomita 20 kwa saa. Mabawa yanapiga vilevile, mafuta yanaungua vilevile, lakini mwendo juu ya ardhi umeshuka hadi kilomita 40 kwa saa. Safari inaishia kati ya kilomita 1,550 na 1,900, yaani amepita Mogadishu kidogo tu, na mbele yake kuna pwani kavu. Akipata upepo huohuo ukimsukuma kutoka nyuma, anaweza kuvuka kilomita 3,000. Kuanza kwa kusi ni msaada mkubwa kwa anayeelekea kaskazini.

Na mwenye gramu 20 za mafuta badala ya 30? Hata hewa ikiwa shwari hapiti kilomita 1,900. Gramu kumi, uzito wa vijiko viwili vya chai vya maji, ndizo zinazoamua atatua kwenye matope yenye chakula au kwenye mchanga mtupu.

Kwa nini mafuta? Wanyama wengine si hutumia nyama na wanga?

Kwa uzito uleule mafuta yana nishati zaidi ya mara mbili ya wanga mkavu, na takriban mara nane ya nyama mbichi, kwa sababu nyama imejaa maji. Mafuta yakiungua mwilini hutoa pia maji, karibu gramu moja kwa kila gramu ya mafuta, jambo muhimu kwa asiyeweza kushuka kunywa.

Hata hivyo misuli na viungo vya ndani huliwa kidogo. Baadhi ya vitwitwi na sululu hupunguza firigisi na utumbo kabla ya kuruka ili wasibebe mzigo usio na kazi angani. Gharama yake huonekana wanapotua: siku za kwanza tumbo halina uwezo wa kusaga chakula kingi, hata kama matope yamejaa kaa na chaza. Ndege aliyewasili Agosti au Septemba ni wa kuachwa atulie kuliko wakati mwingine wowote.

Mtoto akiwafukuza ndege mara moja mbili, kuna madhara gani kweli?

Tunaulizwa hili kuliko mengine yote, na jibu lake ndilo lenye uzito zaidi kwa watu wa hapa.

Sehemu kubwa ya nishati ya safari hutumika nje ya anga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu ndege wadogo wa jamii ya mkesha huko Marekani ulipima nishati waliyotumia wakihama: kuruka kulichukua asilimia 29 tu. Iliyobaki, asilimia 71, ilitumika vituoni, kwenye kutafuta chakula, kujipasha joto na kupumzika. Kituo kibaya huongeza gharama ya safari nzima.

Kwetu chakula kipo chini ya maji nusu ya siku. Kitwitwi hula maji yakiwa yamekupwa, mchana na usiku, na dirisha la kila kupwa ni saa chache. Katika wiki za mwisho kabla ya kuondoka, kuongeza gramu moja ya mafuta kwa siku ni mafanikio makubwa. Kila anapofukuzwa akaruka dakika mbili, anateketeza karibu kilojuli moja. Akifukuzwa mara 20 kwa siku, na kwenye ufukwe wenye mbwa na pikipiki hilo si jambo la ajabu, amepoteza kilojuli 20, sawa na nusu gramu ya mafuta. Nusu ya akiba ya siku imeondoka, na bado hatujahesabu muda aliokosa kula kila mara akitafuta pa kutua tena.

Ukimfukuza mwezi Desemba ana nafasi ya kufidia. Ukimfukuza mara kwa mara kati ya katikati ya Machi na mwanzo wa Mei, hana. Ataondoka na wenzake kwa sababu majira ya kuzaa kule kaskazini hayamngoji, na upungufu ule ataulipia mahali ambapo hakuna mtu wa Mtwara atakayemwona.

Wachokoaji pweza na wachimba chaza mara nyingi si tatizo kubwa. Wanatembea polepole, wameinama, na ndege huwazoea wakiwa mita 50 hadi 100. Kinachowarusha ni kukimbia, mbwa, pikipiki, kokoro linapovutwa katikati ya kundi, na mtu anayewaendea moja kwa moja ili apige picha. Ukitaka kupita, pita kwa ubavu. Ukiona vichwa vimeinuka na wameacha kudonoa, umeshakaribia mno: simama, au rudi hatua kadhaa.

Maji yakijaa wanakwenda wapi?

Kwenye mafungu ya mchanga yasiyofunikwa, kingo za mikoko, na mabwawa ya chumvi. Maji mafu huwaachia nafasi kubwa. Bamvua, maji yanapopanda zaidi ya mita tatu, mafungu mengi huzama na kundi zima hujibana sehemu moja. Sehemu hiyo ikivurugwa, hakuna nyingine karibu.

Kwa wenye mashamba ya chumvi huu ni mchango rahisi. Wakati wa bamvua acha tuta moja, la katikati, bila watu na bila mbwa kwa saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kujaa kabisa. Usipande kitu juu yake. Ndege hupenda mahali peupe wanapomwona adui akija kutoka mbali.

Mbona wengine hubaki hapa miezi ya kusi? Ni wagonjwa?

Kwa kawaida hapana. Wengi wa hao wa Juni na Julai ni vijana wa mwaka wa kwanza. Hawajafikia umri wa kuzaa, kwa hiyo kwenda Siberia na kurudi kungekuwa hatari isiyo na faida. Hubaki na manyoya yao ya kijivu, hujifunza wapi pana chakula, na huondoka mwaka unaofuata au baadaye zaidi.

Ndiyo maana ufukwe unastahili kutunzwa mwaka mzima. Hata baadhi ya miongozo ya wageni huandika kwamba "msimu wa ndege umekwisha" mwezi Mei, jambo ambalo si sahihi.

Na wapo wanaokuja na kusi?

Wapo. Keremkerem wa Madagaska na aina ya koikoi wa huko hufika pwani ya Afrika Mashariki kati ya Aprili na Septemba. Safari yao ni fupi: Mlango wa Msumbiji una kilomita 400 hivi penye wembamba zaidi. Lakini ni bahari tupu.

Kozi wa Amur anavukaje Bahari ya Hindi?

Huyu ni kozi mdogo, gramu 150 hivi, anayezaliana Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China. Kila mwaka hupita India, kisha huvuka bahari hadi Afrika Mashariki, kilomita 3,000 au zaidi bila pa kutua, akisukumwa na kaskazi mwezi Novemba na Desemba. Kereng'ende wahamao huvuka njia hiyohiyo majira hayohayo, na inadhaniwa humpa chakula angani.

Mwaka 2012 ilifahamika kwamba katika jimbo la Nagaland, India, kozi hawa walikuwa wakinaswa kwa nyavu za kuvulia samaki. Makadirio ya msimu mmoja yalizidi ndege 100,000. Mwaka 2013 vijiji vya eneo la Pangti viliacha kabisa, na mauaji ya namna ile yakakoma. Kozi wanaopita juu ya mikorosho yetu kuelekea kusini ni walewale. Uamuzi wa wanakijiji wa India umeongeza idadi ya ndege wanaokula kumbikumbi na nzige huku.

Kama ni hatari hivyo, kwa nini wasikae hukuhuku?

Kwa sababu kukaa nako kuna gharama. Kaskazini ya mbali mwezi Juni jua halizami, wadudu ni wengi ajabu, na nafasi ya kiota ni kubwa. Anayebaki tropiki hushindania chakula na wenyeji, na viota vyake huandamwa na nyoka, kenge na kunguru.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba kusafiri mbali zaidi hakumaanishi kuishi muda mfupi zaidi. Utafiti wa mwaka 2021 ulilinganisha spishi 45 za ndege wadogo wanaozaliana kwenye misitu ya kaskazini mwa Amerika. Wanaohamia mbali zaidi walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumaliza mwaka wakiwa hai, ila walizaa kidogo. Wanaobaki karibu na baridi hufa wengi zaidi, lakini huzaa sana. Buabua wa aktiki, mwenye gramu 100 hivi, husafiri kilomita 70,000 au zaidi kwa mwaka kati ya ncha mbili za dunia, na wapo waliofikisha miaka zaidi ya 30. Upande wa pili yupo mbayuwayu wa Ulaya: katika wazima 10 wa mwaka huu, takriban wanne ndio watakaofika majira yajayo ya kuzaa.

Ukame wa nchi nyingine unatuhusu vipi?

Moja kwa moja. Kati ya mwaka 1968 na 1969 idadi ya aina moja ya ndege mdogo wa vichakani Uingereza ilipungua kwa takriban robo tatu ndani ya mwaka mmoja. Chanzo kilikuwa ukame wa Saheli, alikokaa wakati wa baridi na alikopaswa kunenepa kabla ya kuvuka Sahara. Viota vya Uingereza havikuwa na kasoro.

Mambo huenda pia upande wa pili. Theluji ya Siberia inapoyeyuka mapema, makinda wa kitwitwi mkubwa mwekundu hukosa kilele cha wadudu, hukua wadogo wenye midomo mifupi, na wakifika Mauritania hawafikii chaza walio chini zaidi ya matope. Wengi wao hufa Afrika kwa tatizo lililoanzia kwenye barafu. Ilichapishwa mwaka 2016.

Nimeokota ndege aliyechoka ufukweni. Nifanye nini?

Kwanza mtazame bila kumgusa kwa dakika 15. Kama anatembea na kudonoa, mwache na uwaondoe mbwa. Kama umekuta ndege kadhaa wamekufa au wanazungukazunguka na vichwa vimepinda, usiwaguse kabisa: mwite afisa mifugo wa kata, kwa sababu homa ya mafua ya ndege huanza hivyo.

Kama ni mmoja tu, amelala na hainuki:

1. Mfunike kwa kitambaa chepesi, mshike mwili mzima mabawa yakiwa yamekunjwa. Usimshike miguu wala usimbane kifua, maana ndege hupumua kwa kutanua kifua.
2. Mweke kwenye boksi lenye matundu na kitambaa chini, kivulini, pasipo kelele. Giza humtuliza kuliko dawa yoyote.
3. Boksi liwe na urefu wa kumwezesha kusimama. Ndege mwenye miguu mirefu akikaa amekunja miguu kwa muda mrefu misuli yake hupooza, na hapo hata akinenepa hatasimama tena.
4. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Usimpe mkate, wali wala dagaa wakavu. Kisahani cha maji kinatosha.
5. Baada ya saa moja au mbili mpeleke kwenye mchanga wenye unyevu, maji yakikupwa, karibu na wenzake na mbali na kunguru. Mweke chini. Usimrushe hewani.

Papasa mfupa wa kifua unapomshika. Ukichongoka kama ukingo wa kisu, ameshakula misuli yake na nafasi yake ni ndogo. Puliza manyoya chini ya koo: ukiona mafuta ya njano, ana akiba, na huenda tatizo ni jeraha. Kama amenaswa na mshipi, kata uzi kwa mkasi vipande vipande, usiuvute. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza.

Ndege ana pete mguuni. Niitoe?

Akiwa hai, usiitoe. Soma namba yote na maandishi yote, kwa mfano neno MOSKWA kwa pete za Urusi, kisha piga picha pande zote za pete. Andika tarehe, kijiji, na hali ya ndege. Kama kuna bendera ya plastiki, andika rangi yake, herufi, na iko mguu gani, juu au chini ya goti. Taarifa hupelekwa kupitia tovuti ya EURING, muungano wa vituo vya Ulaya vinavyovisha ndege pete ili kuwafuatilia, au kwa TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania. Namba yenye tarakimu moja iliyokosewa haina faida, kwa hiyo picha ni muhimu kuliko kumbukumbu.

Kuwanasa kwa kitoweo kunaruhusiwa?

Bila kibali, hapana. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inawahusu na ndege pia, na ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya mto Ruvuma kuna masharti ya ziada. Tanzania pia ni mwanachama wa mkataba wa AEWA unaolinda ndege wa maji wahamao.

Nikitaka kuwahesabu nianzie wapi?

Sensa ya kimataifa ya ndege wa maji hufanyika Januari, wakati ndege wametulia na hawahamihami. Chagua siku ya bamvua na ufike kwenye fungu lao saa mbili kabla ya maji kujaa, jua likiwa mgongoni mwako. Hesabu kumi wa kwanza mmoja mmoja, angalia wanachukua upana gani, kisha pima kundi lote kwa upana huo. Rudia kutoka upande wa pili. Hesabu mbili zikitofautiana kwa zaidi ya moja ya tano, hesabu mara ya tatu. Andika hata ukikuta sifuri, na andika palikuwa na nini siku hiyo: kokoro, mbwa, mashua iliyopakuliwa, au upepo mkali.